Wakikutania kabila lako au rangi yako, utajibuje? Maelekezo ya mtu wa Mtwara

Kama umezaliwa huku kwetu, Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea, popote kusini, hii hali unaijua. Unafika Dar unatafuta chumba, dalali anakuuliza kabila gani, ukisema Mmakonde anacheka kwanza ndo anaendelea na bei. Au uko kazini mtu anakwambia we Mmachinga hebu lete chai, ukikunja sura unaambiwa aah si utani tu jamani. Hapo kwenye "si utani tu" ndo wengi tunakwama, kwasababu utani kweli tunao na hakuna anayetaka ufe, ila kuna watu wanajificha humo.

Kwa iyo kabla hujajibu chochote pima kwanza. Utani wa makabila una wenyewe. Wangoni na Wahehe walipigana vita kabisa karne ya 19, watu wakafa, leo ni watani, na mtani akija msibani kwako anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote na hakuna wa kumkasirikia, maana anajua siku ya msiba wake na wewe utaenda kumfanyia hivohivo. Yani unarudi. Sasa jiulize swali moja tu, huyu naweza kumrudishia hapahapa, kwa ukali uleule, na kesho maisha yakaendelea? Kama jibu ni ndiyo basi mtanie, acha kununa. Kama jibu ni hapana kwasababu yeye ndo ameshika funguo za chumba, au ndo bosi, au ndo nesi na mtoto wako ana homa, huo sio utani hata kama anacheka mpaka machozi. Mi nlikosa chumba hivo. Dalali alicheka, mwenye nyumba akacheka, na mimi nikacheka nao kama zuzu, jioni naambiwa chumba kimeshachukuliwa, na wiki nzima nikipita pale kibao cha chumba kinapangishwa bado kipo.

Ikiwa ni utani kweli jibu haraka na usihutubie. Hapa mwalimu wangu ni bibi yangu. Bibi ana chale za kizamani usoni, zile za mistari iliyokunjwa pembe pembe kuanzia mashavuni mpaka paji la uso, na juu ya mdomo kovu la tundu la ndonya, kile kipande cha mti walichokuwa wanavaa wanawake mdomoni. Siku moja tuko foleni Mtwara mjini, kijana mmoja anamnyemelea na simu ampige picha anajifanya anasoma meseji. Bibi akamwona, akageuza shavu, akamwambia "piga na upande huu mjukuu wangu, huo fundi alichoka". Watu wakacheka. Halafu akamshika kijana mkono, alikuwa na tatuu ya simba, akaikagua weee, akamuuliza "na hii alikuchanja nani? Huyu paka kapinda mgongo". Kijana aliishiwa, akaweka simu mfukoni, akaishia kumbebea bibi kikapu mpaka kwenye bajaji. Hakumtukana na wala hakumwambia habari za haki za binadamu. Ila zingatia, pale bibi hakuwa anaomba kitu kwa yule kijana.

Ikiwa ni ubaguzi, mambo yanabadilika. Usipige kelele, ukipiga kelele kesho itasimuliwa hasira yako, alichosema yeye kitasahaulika. Mwambie kwa upole "samahani sijakusikia, umesemaje?" Mwache arudie. Neno lililosemwa kwa kicheko likirudiwa bila kicheko linakuwa zito mdomoni, wengi wanaishia kusema aah basi. Asipoacha muulize "na hilo linahusiana nini na kodi?" au na mshahara, au na dawa, kisha nyamaza kabisa. Ukimya unafanya kazi kuliko watu wanavodhani.

Halafu andika, siku, saa, maneno yenyewe kama yalivotoka, nani alikuwepo. Katiba ya 1977 ibara ya 13 imekataza kubagua mtu, na imetaja kabila, rangi na hata mahali mtu anapotokea, kwa iyo ile "nyie watu wa kusini" nayo imo. Kama ni kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 7 ndo chako, unapeleka lalamiko CMA, yani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapa watu wengi wanapoteza haki kizembe: ukiwa umefukuzwa una siku 30 tu, malalamiko mengine siku 60. Usikae kijiweni miezi mitatu unasimulia. Kama ni mtandaoni piga skrinishoti kabla hajafuta, jina la akaunti na tarehe vionekane, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 vifungu vya 17 na 18 inagusa matusi ya ubaguzi. Polisi watakuuliza ushahidi, sio uchungu.

Kitu kingine kinachosaidia ni kujua historia yako japo kidogo, sio ya kumchosha mtu, ya kukunyoosha mgongo. Wamachinga ni watu kabisa, wapo Lindi, wana lugha yao, vijana wao walienda Dar kuuza bidhaa mkononi na jina likabaki kwa wachuuzi wote wa nchi hii hadi wa Kigoma (wapo wanaosema limetoka kwenye Kiingereza, mi hiyo naona imetungwa baadae). Na Wamakonde wa Kenya, watoto na wajukuu wa waliotoka Msumbiji kwenda kukata mkonge na miwa pwani, waliishi miaka na miaka bila kitambulisho mpaka Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, ndo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Kwa iyo mtu akikucheka Umakonde wako mwambie kuna watu wametembea mamia ya kilomita ili waandikwe hivo.

Mtoto akirudi shule analia kaitwa mweusi tii, usimwambie "wewe sio mweusi sana". Hapo umemkubalia aliyemcheka. Na mkorogo utoe bafuni kwako, mtoto anaona.

Sasa sehemu ngumu, mdomo wetu wenyewe. Sisi tunaolia Dar tukirudi nyumbani tunamuita Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma Mmawia, na tunalitamka kwa pua. Ule mto uligeuzwa mpaka na Wajerumani na Wareno 1886, wao wakiwa Ulaya. Kilwa bado utasikia mtu kwenye mazungumzo ya posa anaulizwa kwa chinichini "asili yao hasa ni wapi", maana yake babu yake alikuja na msafara wa watumwa au vipi, na utumwa huku Tanganyika umefutwa kisheria 1922, juzi tu. Kuna anayesema zeruzeru mbele ya mtu mwenye ualbino. Kuna anayemwambia Mhindi wa Lindi, bibi yake kazaliwa Lindi, arudi kwao. Hilo lilishabishaniwa bungeni Oktoba 1961, kuna wabunge walitaka uraia uwe wa weusi tu, na Nyerere akasema likipita hilo serikali yake inajiuzulu. Ukijikuta umeteleza usianze na "mi sina ubaguzi ila". Sema nimekosea, taja neno lenyewe ulilosema, endelea na shughuli.

Mi nlianza na jirani yangu. Alikuja na wanawe wakati Cabo Delgado, kule kaskazini mwa Msumbiji, imechafuka kwa vita, mtaa mzima tunamuita mama Mmawia, na mimi nikiwemo. Siku moja bombani nikamuuliza kwenu hasa walikuwa wanakuitaje. Akataja jina lake. Nikamwomba radhi kwa Kimakonde, nilivoweza. Akaniangalia, akaweka ndoo chini, akacheka mpaka akashika kiuno. "Hicho ni Kimakonde? Kimejaa Kiswahili kama ubwabwa uliojaa mawe, nani alikufundisha?"

Nikamwambia ajaze ndoo aondoke, watu wana foleni.