Jinsi ya kusoma kesi ya dirisha katika sheria ya Kiyahudi ya zama za kati

Kesi hizi, za majirani wanaogombania dirisha, zimetufikia kama barua: mji unauliza, rabi (mwalimu wa sheria ya Kiyahudi) anajibu. Rabi Rashba wa Barcelona (alifariki 1310) peke yake aliacha majibu maelfu. Wanafunzi wangu hurukia hukumu. Nawarudisha nyuma.

Hatua ya 1: Chora ua. Nyumba kadhaa zilitumia ua mmoja. Weka alama milango, madirisha, kuta. Mimi mara ya kwanza sikuchora. Nilisoma kurasa tatu nikidhani dirisha ni la mlalamikaji.

Hatua ya 2: Pima kwa dhiraa. Namba itakayokurudia ni dhiraa 4, kama mita 2. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inamtaka anayejenga ukuta karibu na dirisha la mwenzake aache dhiraa 4 juu, chini na mbele. Talmudi, kitabu kinachoijadili Mishna, inatoa sababu moja moja. Juu: mtu aliye ukutani asiiname akachungulia. Chini: asisimame juu ya ukuta akaona ndani. Mbele: ukuta usizibe mwanga. Tofali halijawekwa, na sheria imeshamwona mtu kapanda.

Hatua ya 3: Tenga mwanga na macho. Kuzibiwa mwanga ni shauri moja. Kutazamwa ni jingine, nalo huitwa hezek reiya, madhara ya kuona. Utamu uko hapa. Aliyetoboa dirisha kuelekea ua wa pamoja atajitetea: si tayari unajisitiri nisikuone uani? Talmudi inamwekea mwenzake jibu: mpaka leo nilijisitiri uani tu, sasa nijisitiri hata ndani ya nyumba yangu?

Hatua ya 4: Tafuta aliyenyamaza. Kwa Maimonides, rabi aliyeandika Misri karne ya 12, jirani aliyesaidia kutoboa, au aliyejua madhara asipinge, hana tena dai. Rabi Nahmanides wa Girona (1194–1270) anakataa: kutazamwa ni kama moshi na harufu ya choo, humwumiza mtu mwenyewe, na kimya hakihalalishi. Mimi niko naye. Kuvumilia moshi jana hakunizuii kukohoa leo. Angalia rabi wako kaegemea wapi.

Hatua ya 5: Desturi ya mji. Wakikubaliana kugawa ua kwa ukuta, vifaa hufuata desturi ya mahali. Mawe yasiyochongwa: kila mmoja atoe upana wa viganja 3 vya ardhi yake. Ya kuchonga, 2 na nusu. Matofali, kimoja na nusu.

Sasa soma jibu la rabi, mchoro ukiwa mezani.