Ukiunganisha ndege Frankfurt, usikubali dakika sitini

Shirika likibadilisha ratiba na kukupangia Marekani–Berlin kupitia Frankfurt, kabla ya kubonyeza "kubali" angalia muda wa kuunganisha. Pasipoti inakaguliwa Frankfurt, si Berlin, maana hapo ndipo unapoingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya ambazo kwa kawaida hazikaguani pasipoti mipakani. Na asubuhi, ndege za kutoka ng'ambo ya Atlantiki zinapotua moja baada ya nyingine, foleni haina huruma. Mimi chini ya saa mbili sikubali; napiga simu wanibadilishie. Kama unaishia Köln, mji mwingine wa Ujerumani, kata tiketi ya hadi Frankfurt tu: kituo cha ICE, treni za mwendo kasi za Ujerumani, kimeungana na Terminal 1, na safari ni kama saa moja.