Kupima nagana kwa ng'ombe: kutoka sikioni hadi kwenye darubini

Tanga ndiko walikozalishwa mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, wakamwagwa Unguja kuanzia 1994 mpaka kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o mwaka 1997. Huku bara, Pangani hadi mapori ya Saadani, mbung'o bado wapo, nao hueneza nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu. Ng'ombe akikonda, wafugaji wengi huchoma diminazini, dawa ya nagana, kwa kubahatisha. Naomba tupime kwanza.

Hatua ya 1. Fika alfajiri, kabla mifugo haijatoka zizini. Msalimie mwenye mali, mweleze unachokwenda kufanya, umuulize kila ng'ombe alichomwa dawa gani na lini.

Hatua ya 2. Futa ukingo wa sikio kwa spiriti, pakauke, kisha toboa mshipa mdogo. Usikimbilie shingoni: Trypanosoma congolense, mojawapo ya vimelea vya nagana, hujazana kwenye mishipa midogo, hivyo damu ya sikio hufichua zaidi. Kila ng'ombe na sindano yake. Ukitumia moja kwa zizi zima, utakuwa unausambaza ugonjwa wewe mwenyewe.

Hatua ya 3. Jaza robo tatu ya mrija mwembamba wenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), ziba ncha kavu kwa plastisini, andika namba. Weka kwenye kasha la ubaridi bila kugusana na barafu. Vimelea havistahimili jua la pwani. Mirija isomwe ndani ya saa chache.

Hatua ya 4. Zungusha mirija kwenye sentrifuji, mashine ya kutenganisha damu kwa kuizungusha, kwa dakika 5, mizunguko 12,000 kwa dakika, ncha zilizozibwa zikitazama nje.

Hatua ya 5. Soma asilimia ya chembe nyekundu. Chini ya 24, ng'ombe ana upungufu wa damu.

Hatua ya 6. Hapa ndipo penye kazi. Inua mrija kwenye mwanga: chini wekundu, juu maji ya manjano, katikati utando mweupe mwembamba kama uzi. Vimelea hukusanyika hapo. Kata milimita 1 chini ya utando, dondosha kwenye kioo, funika, tazama kwa ukuzaji wa mara 400 huku umepunguza mwanga. Mara nyingi utaanza kuona chembe nyekundu zikitikisika kabla ya kumwona anayezitikisa. Tulia hapo hapo. Aina za Trypanosoma (T.) utazitambua kwa mwendo: T. vivax hupita mbio na kutoweka, T. brucei hujinyonganyonga bila kuhama, T. congolense hung'ang'ania chembe na kusogea kivivu. Pitia kioo chote, hata ukishachoka.

Hatua ya 7. Usipoona kitu na damu iko chini, usimwambie mfugaji kuwa ng'ombe wake ni mzima. Vimelea vichache huponyoka. Chunguza minyoo na kupe, kisha pima tena siku nyingine.

Ukiviona, mpe majibu siku hiyo hiyo. Dozi ifuate uzito uliopimwa kwa utepe kifuani, maana dozi pungufu ndiyo inayovifundisha vimelea kuizoea dawa. Baada ya wiki mbili rudi usome damu tena. Vikiwa bado vipo, mjulishe daktari wa mifugo wa wilaya kabla ng'ombe hajachomwa sindano nyingine ya dawa ile ile.