Jinsi Mstaafu Anavyoweza Kuipanga Siku Yake Jijini Tanga

Tanga ni tambarare, na baisikeli humfikisha mtu karibu kila pembe ya mji, kwa hiyo mstaafu hahitaji gari ili aufaidi. Anachohitaji ni kuigawa siku yake kwa kufuata jua na bahari.

Anza asubuhi na mapema, baada ya sala na chai, kwa kwenda soko la samaki la Deep Sea kununua samaki kabla jua halijachoma. Usikubali bei ya kwanza, wala usinunue kwa kutazama kwa mbali. Mfunue samaki shavu: matamvua yawe mekundu, jicho liwe angavu na lisiwe limedidimia, na nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi mahali pake. Aliyezoea kufanya manunuzi yote mwisho wa mwezi ataona usumbufu kununua changu wawili leo na kibua kesho, lakini kwa maoni yangu starehe iko hapo hapo, kwa sababu kila safari huja na salamu, utani na habari za mji.

Mchana pumzika ndani.

Ukipenda kuogelea Raskazone, ulizia maji kwanza, kwani wakati wa kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Yakijaa leo saa tisa alasiri, kesho yatakaribia saa kumi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na pia hupwa mbali.

Jua likipoa, nenda barazani Ngamiani ukiwa na fedha ndogo ndogo za kahawa chungu na kashata. Cheo cha ofisini kiache nyumbani, maana hapo anayeheshimiwa ni ajuaye bao. Ubao una safu nne za mashimo manane manane, na kete ni 64. Kama hujui kucheza, keti kando utazame jinsi wachezaji wanavyonamua, yaani wanavyoingiza kete za akiba moja moja, hadi ziishe na mchezo uingie mtaji, yaani hatua ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Usimnong'oneze mchezaji shauri, hata ukiona kosa lililo wazi. Ukikaribishwa, kubali, wazee watakuonyesha pa kuanzia bila taabu, ila ukifungwa watakutania, kisha watakuomba umpishe mwingine.