Mfuniko wa boksi la Ex d kwenye pampu ya petroli

Boksi la nyaya lenye alama ya Ex d halizuii mvuke wa petroli kuingia. Mvuke utaingia tu. Kazi ya boksi ni kuhimili mlipuko wa ndani, na kuhakikisha gesi ya moto inayotoka kwenye mwanya mwembamba kati ya boksi na mfuniko inapoa kabla haijawasha mvuke wa nje. Kwa hiyo nyuso za chuma zinazokutana kwenye mwanya huo hazipigwi msasa, hazipakwi rangi wala silikoni, na usijikatie gasketi ya kuweka katikati. Zifute kwa kitambaa laini, paka grisi kidogo isiyoganda, ile aliyoiruhusu mtengenezaji. Bolti zirudi zote, za daraja lilelile. Moja ikikosekana, mwanya utafunguka pale pale shinikizo litakapopanda.

Glandi, yaani kibano kinachoishika kebo inapoingia boksini, ilingane na kipenyo cha kebo, na thredi zisizopungua tano kamili zishike. Tundu lisilotumika lifungwe kwa plagi ya chuma iliyothibitishwa kwa Ex d. Ile ya plastiki inayokuja na boksi jipya ni ya kuzuia vumbi tu, ingawa utaikuta imeachwa humo miaka.

Ukinunua kipuri, soma bamba: petroli inahitaji angalau kundi la gesi IIA na daraja la joto T3, yaani joto la uso wa kifaa lisizidi nyuzi 200 za Selsiasi.

Kabla ya kufungua, kata umeme wote na ufunge kufuli. Mota, taa na kompyuta ya pampu mara nyingi hulishwa na laini tofauti.