Jinsi ya Kutengeneza Keki ya Daladala kwa Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto

Mwanangu alipokaribia kutimiza miaka 5 nilimwuliza anataka keki ya namna gani, naye akajibu papo hapo kwamba anataka daladala ya kwenda kwa bibi Mbagala. Nilimpa karatasi na penseli za rangi ili anichoree hiyo daladala yake, na mchoro ule ndio ulionifundisha kazi yote iliyofuata. Gari lenyewe lilikuwa sanduku tu, lakini lilikuwa na mstari mpana ubavuni, mlango ulioachwa wazi, na mtu mwenye mkono mrefu kupita kiasi aliyening'inia mlangoni. Nilipomwuliza huyo ni nani alinitazama kwa mshangao, akasema, "Mama, si konda huyo!"

Kwa hiyo, kabla hujanunua hata yai moja, mkalishe mtoto akuchoree. Keki ya umbo humfurahisha mtoto pale anapoviona vile vitu viwili au vitatu ambavyo kwake ndivyo vinavyolifanya gari kuwa daladala, na mambo mengine ya gari unaweza kuyaacha bila yeye kuhisi upungufu wowote. Nimewahi kuona keki zilizokesha usiku mzima zikitiwa vioo vya pembeni na vishikio vya milango, huku jambo alilolingojea mtoto likiwa limesahauliwa.

Daladala ninayoieleza hapa ni ile ndogo ambayo watu wa Dar es Salaam huiita kipanya, kwa kuwa umbo lake linapatikana kwa kupandanisha keki mbili zilizookwa kwenye trei za mkate. Igawe kazi katika siku tatu. Ikiwa sherehe ni Jumamosi, oka keki Alhamisi jioni, ichonge na kuipaka tabaka la kwanza Ijumaa, kisha uimalizie Jumamosi asubuhi. Anayejaribu kuyamaliza yote kwa siku moja hulazimika kupaka krimu kwenye keki ambayo bado ina joto. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza, na ubavu mzima wa gari uliteremka taratibu mpaka kwenye sahani mbele ya macho yangu.

Kwa trei mbili za mkate zenye urefu wa sentimeta 23 na upana wa sentimeta 13, utahitaji unga wa ngano gramu 500, majarini au siagi gramu 450, sukari gramu 400, mayai 8, beking pauda vijiko 4 vya chai, maziwa mililita 120, vanila vijiko 2 vya chai, na ganda la machungwa mawili lililokwaruzwa. Sukari yetu ya dukani ina chembe kubwa, hivyo isage kidogo kwenye blenda ili iyeyuke vizuri. Mayai na maziwa yasitoke moja kwa moja kwenye friji, kwa sababu ubaridi huyagandisha mafuta na mchanganyiko hukatika ukawa kama maziwa yaliyoharibika. Likitokea hilo usiogope: ongeza kijiko kikubwa cha unga na uendelee kupiga, mchanganyiko utarudi kushikana.

Saga majarini na sukari mpaka rangi ya njano ipauke na mchanganyiko uwe mwepesi. Kwa mashine ni dakika 5 hadi 7, na kwa mwiko na mkono ni dakika 15 au zaidi, bila kufanya haraka, kwa kuwa hewa inayoingia hapo ndiyo inayosaidia keki kuumuka. Tia mayai moja moja, ukipiga vizuri kabla ya kuongeza jingine, halafu tia vanila na ganda la chungwa. Chekecha unga pamoja na beking pauda, uuingize kwa awamu tatu ukibadilishana na maziwa, na kuanzia hapo changanya polepole mpaka unga usionekane tena. Ukiendelea kupiga sana baada ya unga kuingia, keki hukaza na kuwa kama mkate. Keki hii ni nzito kuliko zile laini za krimu, nami naichagua makusudi, kwani keki laini sana haivumilii kuchongwa.

Tandika trei karatasi ya kuokea, gawa mchanganyiko sawasawa, na uoke kwa nyuzi 170 kwa muda wa dakika 55 hadi 65. Wanaotumia jiko la mkaa watandike mchanga ndani ya sufuria kubwa, wauache upate moto, waweke trei juu yake na kufunika, halafu wapalie makaa juu ya mfuniko, makaa ya juu yakiwa mengi kuliko ya chini. Usifunue kabla ya dakika 40 kupita. Keki imeiva ikiwa kijiti cha mshikaki kilichochomekwa katikati kinatoka kikavu. Iache ipoe kabisa, izungushie karatasi na taulo safi la jikoni, ilale mpaka kesho.

Krimu inastahili maelezo marefu kidogo, maana joto la pwani halina huruma. Siagi huanza kulegea mapema, na kwenye chumba chenye nyuzi 30 na zaidi, krimu ya siagi tupu haishiki umbo. Mimi huchanganya gramu 230 za siagi au majarini na gramu 120 za mafuta meupe ya kupikia yaliyoganda, ambayo huvumilia joto zaidi, kisha naongeza gramu 700 za sukari laini ya kupambia keki iliyochekechwa mara mbili, vijiko 2 vikubwa vya maziwa, vanila, na chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili ili utamu usizidi. Kwa kazi hii nunua sukari laini ya dukani, kwa kuwa ile ya kusaga nyumbani huacha chembe zinazosikika kwenye ulimi. Wengi hupenda kufunika keki za maumbo kwa fondanti, yaani donge la sukari linalosukumwa kama chapati, kwa sababu inanyooka vizuri kwenye picha, lakini katika unyevunyevu wa Dar es Salaam fondanti hutoa jasho na kunata, na watoto wengi huibandua na kuiacha pembeni mwa sahani. Keki ya mtoto inapaswa kuliwa yote, ndiyo maana nimeshikilia krimu.

Kabla ya kuchonga, weka keki kwenye friji kwa saa 2, kwa sababu keki baridi hukatika bila kumeguka. Andaa kibao cha sentimeta 35 kwa 25, cha mbao nyembamba au cha kadibodi mbili zilizogundishwa, na ukifunike kwa foili. Kata sehemu ya juu iliyovimba ya kila keki kwa kisu cha meno ili zote mbili ziwe bapa, paka krimu juu ya ya kwanza, ilalie ya pili kichwachini ili sehemu yake bapa ikutane na krimu, na ukandamize kidogo kwa kiganja. Sasa una bonge la urefu wa sentimeta 23 na kimo cha sentimeta 12 au 13.

Usichonge kwa kukisia. Chukua karatasi, chora ubavu wa gari kwa vipimo hivyohivyo, kisha weka alama mbili mbele: moja juu ya paa, sentimeta 3 kutoka ukingo wa mbele, na nyingine kwenye uso wa mbele, sentimeta 6 kutoka chini. Mstari unaounganisha alama hizo ndio kioo cha dereva. Kata karatasi, ibandike ubavuni mwa keki, ufuate mstari huo kwa kisu, ukikata kidogo kidogo. Baada ya hapo nyoosha mbavu zote mbili, kwani keki ya trei ya mkate huwa pana juu na nyembamba chini, na unapozipandanisha mbavu huota tumbo katikati. Mwisho, legeza kona za paa kwa kuzipunguza kwa ncha ya kisu. Vipande vilivyokatwa usivile bado. Vivuruge pamoja na vijiko viwili vya krimu upate udongo wa kuzibia mashimo, maana mashimo lazima yatakuwepo.

Kisha paka tabaka la kwanza, jembamba kiasi kwamba keki inaonekana kwa ndani. Kazi ya tabaka hili ni kuyashika makombo yasije yakachafua rangi ya nje. Rudisha keki kwenye friji kwa dakika 45, na ndipo upake tabaka la pili, nene kama milimita 4. Kisu cha mezani kisicho na makali, kilichochovywa kwenye maji ya moto na kufutwa, kitaunyoosha ubavu vizuri kuliko kifaa chochote cha gharama.

Daladala za Dar es Salaam ni nyeupe zenye mistari ya rangi inayotofautisha njia, lakini krimu ya majarini ni ya njano. Ichovye ncha ya kijiti kwenye rangi ya chakula ya zambarau, iguse krimu mara moja tu, ukoroge sana: zambarau huifuta njano, na krimu inasogea kwenye weupe. Ukizidisha itakuwa ya kijivu, kwa hiyo anza na kiasi kidogo cha krimu kwa majaribio. Tumia rangi nzito kuliko ile ya maji, kwa sababu ya maji huilegeza krimu, na uchanganye rangi za mistari tangu jana yake, kwani rangi huendelea kukolea kwa saa kadhaa. Nyekundu iliyokolea sana na nyeusi huwa na uchungu kinywani. Kwa madirisha, badala ya nyeusi, tumia krimu iliyotiwa kakao na tone la bluu.

Maandishi hayahitaji vifaa vya duka. Kunja koni ya karatasi ya kuokea, kama ile anayokunja muuza karanga, jaza krimu nusu, funga juu, ukate ncha ndogo kwa mkasi. Andika kwanza juu ya sahani mara tatu au nne mpaka mkono uzoee, kisha andika kwenye keki. Jina la njia liwe fupi, na liwe la njia anayoijua mtoto. Langu lilikuwa MBAGALA tu, na hata hivyo herufi ya mwisho ilibanwa, kwa hiyo siku hizi naanza na herufi ya katikati, kisha naenda kushoto na kulia.

Magurudumu ni biskuti nne za mviringo za chokoleti. Zibandike saa 2 kabla ya wageni kufika, kwa kuwa biskuti hunyonya unyevu wa krimu na kulainika. Taa ni peremende za njano mbele na nyekundu nyuma. Hapa nasisitiza: peremende ngumu za mviringo zinaweza kumkaba mtoto mdogo, hivyo ziondoe zote kabla ya kukata keki, na kama wageni wengi ni wa chini ya miaka 5, tumia matone ya krimu badala yake. Vijiti vya meno pia visitumike kushikilia chochote ndani ya keki, kwani ni rahisi kimoja kusahaulika.

Amebaki konda. Changanya gramu 50 za maziwa ya unga na gramu 50 za sukari laini, ongeza maziwa mazito matamu ya kopo kijiko kimoja kimoja, kama vijiko 2 au 3, ukikanda mpaka upate donge laini lisilonata. Gawa donge, tia rangi, finyanga kichwa, kiwiliwili, miguu na mikono. Yeye hutengenezwa Alhamisi ili akauke na kukakamaa. Mpe mtoto nafasi ya kuchagua rangi ya shati, na ikiwezekana amfinyange mwenyewe. Wa mwanangu alikuwa na kichwa kikubwa kuliko mlango, na mkono mmoja ulioinuliwa juu ukiwa na noti ndogo za kijani katikati ya vidole, alizozikata kwa uangalifu huku ulimi ukiwa nje. Mlango wenyewe ni mstatili wa krimu ya kakao ubavuni. Konda hugandishwa pembeni yake kwa krimu nzito, miguu ikiegemea juu ya kibao ili uzito wake usimwangushe.

Keki iliyokamilika ikae mahali penye ubaridi, mbali na jua na jiko. Ikibidi ikae kwenye friji, itoe saa moja kabla ya sherehe na usiiguse mpaka umande uliojitokeza juu yake ukauke wenyewe, kwa sababu kidole kimoja kinatosha kuutelezesha mstari wa bluu mpaka kwenye madirisha. Mishumaa isimame juu ya paa, mahali pa mizigo.

Wakati wa kukata, anza nyuma ya gari uelekee mbele. Kata vipande vya unene wa sentimeta 2 kuvuka upana wa keki, kila kimoja ukigawe mara nne, nawe utapata vipande vidogo karibu 40. Uso wa daladala utabaki mzima mpaka mwisho, na mtoto atawalisha wazazi, bibi na babu huku bado anaiona. Konda mtoe mapema, umweke kwenye kisahani chake, kwa sababu wa kwangu aligoma kumla kwa siku nne, akamhifadhi kwenye friji karibu na mayai.