Pumu na ugonjwa sugu wa mapafu kwa mgonjwa mmoja: hatua za kumtambua na kumtibu

Mgonjwa mwenye umri wa miaka 58, aliyevuta sigara kwa miaka 30 na ambaye utotoni aliamshwa usiku na kifua kilichombana, huenda ana pumu na ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa kwa pamoja. Mwaka 2020 GOLD, jopo la kimataifa linalotoa mwongozo wa ugonjwa huo sugu, liliacha kuutumia mchanganyiko huo kama jina la ugonjwa, kwa hoja kwamba haya ni magonjwa mawili tofauti yanayoweza kumpata mtu mmoja. Kwangu jina halina uzito mkubwa. Penye pumu, pumu ndiyo inayoamua dawa.

Hatua ya kwanza ni kuuliza bila haraka. Muulize dalili zilianza akiwa na umri gani, kama zipo siku anazopumua vizuri kabisa, na kama yeye au ndugu zake wana mzio. Uliza pia kuhusu sigara, moshi wa kuni na vumbi la kazini. Mpige picha ya kifua, kwa kuwa kifua kikuu na moyo kushindwa kufanya kazi huleta dalili zinazofanana na hizi.

Hatua ya pili ni spirometri, yaani kupima kwa mashine kiasi na kasi ya hewa anayopuliza. Mgonjwa akishapuliza, mpe mikrogramu 400 za salbutamoli, dawa ya kupanua njia za hewa kwa haraka, subiri dakika 15, kisha apulize tena. Tuseme hewa anayotoa katika sekunde ya kwanza imepanda kutoka lita 1.40 hadi 1.85, na hewa yote anayoitoa baada ya dawa ni lita 3.00. Uwiano wa 1.85 kwa 3.00 ni 0.62, yaani chini ya 0.70, kwa hiyo njia bado zimeziba. Lakini ongezeko la mililita 450, ambalo ni asilimia 32, linaelekeza kwa nguvu kwenye pumu. Ongezeko dogo la mililita 200 na asilimia 12 lisikushawishi peke yake, maana hata wasio na pumu hulipata.

Hatua ya tatu ni dawa, na hapa ndipo makosa yanapogharimu maisha. Anza na steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, iliyochanganywa na dawa ya kupanua njia za hewa ya muda mrefu, kwa mfano budesonidi na formoteroli. Kamwe usimpe mwenye pumu dawa hiyo ya kupanua bila steroidi, kwa sababu atahisi nafuu huku uvimbe wa ndani ukiendelea, na hatari ya shambulio la kuua huongezeka. Nimempokea mgonjwa aliyetibiwa hivyo kwa miezi kadhaa kwa kuwa faili lake lilitaja sigara tu. Dalili zikibaki, ongeza tiotropiamu, dawa nyingine ya kupanua njia za hewa ya muda mrefu.

Hatua ya nne ni kumtazama akitumia inhela yake mwenyewe mbele yako: aitikise, atoe pumzi, abane midomo sawasawa, abonyeze mara moja huku akivuta polepole, kisha azuie pumzi kwa sekunde 10. Asukutue kinywa na kutema, asije akapata fangasi.

Akirudi amezidiwa, mpe oksijeni kwa kipimo, ukilenga oksijeni ya damu ya asilimia 88 hadi 92. Akirudi ana nafuu, unaweza kupunguza dozi ya steroidi, lakini usiiondoe.